Amana Chomboni

Mbwa akiitwa na bwana wake huruka chomboni bila ya kuuliza safari inakwenda wapi, bahari imekaaje, wala ashikaye usukani ni mtu wa namna gani. Tendo hilo husifiwa kuwa ni uaminifu. Sifa hiyo naikubali, lakini nachelea kwamba hufunika jambo jingine. Abiria mwanadamu akifikwa na msiba baharini twaweza kusema kwamba alijua hatari akairidhia. Mbwa hakuridhia lolote. Aliamini tu, na kuamini si kuridhia.

Katika nchi kama Uingereza na Marekani, ambako watu wengi huenda majini na mbwa wao kwa starehe, imo dhana kwamba kila mbwa huzaliwa mwogeleaji. Newfoundland ana ngozi baina ya vidole na manyoya mazito ya kukinga baridi. Huyo majini yu kwao. Bulldog ana kichwa kizito, kifua kipana, miguu mifupi na pua bapa. Apate pumzi hana budi kuinua kichwa, na akiinua kichwa kiwiliwili cha nyuma huzama. Jina la mbwa huwajumuisha wote wawili, lakini maji hayatazami jina. Tena hata aliye hodari huchoka. Na kwa kuwa hupenda kumridhisha bwana wake, yamkini atarudi majini kufuata kijiti kile kile nguvu zikiwa zimekwisha. Kila akishikapo kijiti kwa kinywa humeza maji. Maji matamu yakizidi huzimua chumvi ya damu, na maji ya bahari huizidisha. Hali zote mbili zaweza kuua. Mchezo huu mmoja tu kati ya wachezaji wawili ndiye ajuaye kwamba una mwisho.

Basi wajibu wa mwenye mbwa huanza nchi kavu. Amvike jaketi la kuelea lenye mshikio mgongoni, maana mbwa aliyelowa maji huteleza mkononi. Asimfunge kwa ugwe kwenye chombo, kwa sababu chombo kikipinduka ugwe ule uliomlinda barabarani ndio utakaomzamisha. Akianguka, mtambo uzimwe ili rafadha isimkate. Aandaliwe ubao wa kupandia, kwani ngazi ya watu haimfai. Apewe kivuli na maji ya kunywa, kwa kuwa kiumbe huyu hupoza mwili zaidi kwa kuhema kuliko kwa jasho.

Suala gumu huja pale mambo haya yanapokuwa yamesahauliwa na mbwa yumo taabuni. RNLI, shirika la Uingereza la kuokoa watu baharini lililoundwa mwaka 1824, huwaasa watu wasijitose majini kumfuata mbwa. Waende mahali ambapo aweza kutokea, wamwite, na ikilazimu wawaite walinzi wa pwani. Maana mara nyingi mbwa hutoka mwenyewe na bwana wake ndiye anayepatikana na shida. Msikiaji wa kwanza huyaona maneno haya kuwa ya baridi. Mimi nayaona kuwa ya haki. Wanaojitosa ni watu wenye mapenzi ya kweli, lakini mapenzi yale yale asubuhi hayakuona haja ya kuchukua jaketi.

Kant aliona kwamba hatuna wajibu kwa mnyama mwenyewe: tumwonee huruma tusije tukazoea ukatili kwa watu. Bentham, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1789, aliiacha akili na lugha akauliza kama mnyama aweza kuteseka. Nampendelea Bentham, ingawa neno letu la amana laonekana kwangu kufika mbali zaidi. Katika amana ya kawaida wapo aliyeweka, aliyewekewa, na kitu kilichowekwa. Mbwa arukapo chomboni, aliyeweka na kilichowekwa ni kimoja, wala hawezi kurudi kesho kudai. Watu wa pwani yetu hujitenga na mbwa kwa ajili ya twahara, walakini ni hao hao wanaosimulia hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Hakuwa mbwa wake. Ikiwa mgeni wa njiani alistahili hivyo, je, tuliyemwita sisi wenyewe?

Iko safari moja inayoitia amana hii katika mtihani mkali. Shackleton alipoelekea Antaktika mwaka 1914 kwa meli ya Endurance, alichukua mbwa kadha wa kadha wa kukokota magari ya theluji. Barafu iliiponda meli mwaka 1915, na watu 28 wakabaki juu ya barafu na chakula kinapungua. Mbwa waliuawa kwa risasi, kundi baada ya kundi. Mwenye kupewa kazi hiyo zaidi alikuwa Frank Wild. Mwezi wa Aprili 1916 watu waliingia katika mashua tatu, na hapakuwa na mbwa hata mmoja wa kupakia. Watu wote 28 waliokoka. Simlaumu Wild, wala sijui ni nini kingine ambacho angefanya pale juu ya barafu. Lakini deni la wale mbwa sioni kuwa lilifutwa kwa sababu hapakuwa na njia ya kulilipa.