Salama Kwenda Wapi?

Daktari akisema mgonjwa "yuko salama kwenda nyumbani", sisi wengi hushika neno moja tu: salama. Lakini nyumbani ni wapi?

Tuseme mtu wa Malaba amefanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo Eldoret, pale Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Kabla ya kumruhusu, madaktari huangalia: hana homa, anakula bila kutapika, maumivu yanatulizwa na dawa za kumeza, anatembea mwenyewe. Ni vigezo vizuri. Miaka ya 1990 Henrik Kehlet, daktari wa upasuaji wa Denmark, alionyesha kwamba mgonjwa wa utumbo akilishwa na kuinuliwa mapema, hurudi kwake mapema pia. Na wodini nako si peponi: kuna vijidudu, kuna bili, na kuna mwingine anayengojea hicho kitanda.

Shida ni pale paliposhonwa ndani. Panaweza kuvuja siku kadhaa baadaye, mtu akiwa kwake. Wa Eldoret mjini akishikwa na homa saa nane usiku, anarudishwa kwa teksi. Wa Malaba ana zaidi ya kilomita 100 mbele yake, boda ya kutafutwa gizani, na malori yamepanga foleni barabarani. Kidonda ni kimoja, hatari ni mbili.

Ndiyo maana naona kupima mwili peke yake ni kupima nusu. Kumruhusu mgonjwa ni kuhamisha kazi ya muuguzi, na anayeipokea ni mke, binti au shemeji ambaye mara nyingi hakuulizwa chochote. Aulizwe basi. Nani atampikia kidogo kidogo, mara sita kwa siku, katika boma lililozoea sahani moja kubwa ya ugali wa muhogo na mtama? Nauli ya dharura iko? Usiku tumpigie nani?

Utasema: kwa hivyo maskini azuiliwe wodini? La. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kuvunja haki zake. Kumzuilia kwa sababu anaishi mbali kusingekuwa na heshima zaidi. Aambiwe ukweli wote, pamoja na ule wa barabara, halafu aamue yeye. Na hospitali ya Busia ijue kabla hajafika kwamba anakuja.