Fardhi ya Steringi

Peter Parker ameahidiwa dola 3,000 akiweza kuhimili dakika tatu ulingoni. Anammaliza mpinzani wake mapema, na mwandaaji wa pambano anageuza ushindi huo kuwa kisingizio cha kumlipa dola 100 tu. Muda si mrefu jambazi anampora mwandaaji yuleyule na kukimbilia kwenye lifti. Peter, ambaye angemdaka bila kutoka jasho, anampisha. Usiku huohuo ami yake aliyemlea anapigwa risasi barabarani, na kijana anagundua kwamba muuaji ndiye yule aliyempisha.

Tukio hilo, katika filamu ya Spider-Man ya Sam Raimi ya mwaka 2002, lina mzizi katika katuni ya Stan Lee na Steve Ditko ya 1962. Peter hakuiba wala hakuua. Kosa lake ni kwamba aliweza, na hakufanya.

Kosa la namna hiyo wanadini wanalijua vizuri. Wakatoliki wanapoungama mwanzoni mwa Misa hawaishii kwenye mawazo, maneno na vitendo. Hutaja pia wajibu wasioutimiza. Waraka wa Yakobo unamhesabia dhambi anayelijua jema na kuliacha. Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer aliifikia hoja hiyo bila kupitia dini: mtu anayemwona mtoto akizama katika kidimbwi hana udhuru wa kumwacha kwa sababu nguo zake zitachafuka.

Lakini kwenye kidimbwi cha Singer kuna mpita njia mmoja tu, na hapo ndipo filamu za mashujaa kama Spider-Man zinapopenda kubaki. Mji una mamilioni ya watu, una polisi na zimamoto, ila jengo likianza kuporomoka wote wanageuka watazamaji wakimsubiri steringi. Mtazamaji anafundishwa kwamba wajibu upo, na papo hapo anafundishwa kwamba si wake.

Fikihi ya Kiislamu ina mizani nzuri zaidi. Swala tano ni fardhi aini: kila mtu na yake, hakuna wa kumsalia mwenzake. Kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni fardhi kifaya: wakitosha waliojitokeza, wengine wamesalimika, asipojitokeza yeyote, dhambi ni ya wote walioweza. Na pale ambapo mwenye uwezo ni mmoja tu, kama mwogeleaji pekee aliye karibu na anayezama, wajibu wa jamii unageuka kuwa wake binafsi. Kwa mizani hiyo, Peter mbele ya lifti alikuwa na hatia. Lakini mizani hiyohiyo haiwaachi nje wakazi wa New York.

Filamu zenyewe huligusa jambo hili mara chache, na zikiligusa hupendeza. Katika Spider-Man 2 (2004), Peter anazimia baada ya kulizuia treni lisitumbukie. Abiria wanampokea, wanambeba juu ya vichwa vyao, wanaahidi kuficha sura yake, kisha wanasimama kati yake na adui wanayejua hawamwezi. Katika The Dark Knight (2008), Joker anatega mabomu kwenye feri mbili na kuwapa abiria wa kila moja kitufe cha kuilipua nyingine. Batman hayupo kwenye feri yoyote. Mfungwa mmoja anakichukua kitufe kwa mlinzi na kukitupa dirishani. Raia wa feri ya pili, ingawa wengi wao walipiga kura ya kulipua, nao wanashindwa kukibonyeza.

Upo upande mwingine wa shilingi: mwokozi asiyetumwa na mtu anawajibika kwa nani? Mgogoro wa Captain America: Civil War (2016) unaanzia Lagos, ambako operesheni ya Avengers, kikundi cha mashujaa, inaua watoa misaada kutoka Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika. Nchi 117 zinataka kikundi hicho kiwe chini ya Umoja wa Mataifa. Kati ya mashujaa hao, Tony Stark anakubali, Steve Rogers anakataa, nao wanaishia kupigana.

Black Panther ya Ryan Coogler (2018) inaliweka swali la kutotenda mabegani mwa taifa zima. Wakanda ina utajiri na tiba, ila imejificha karne nyingi wakati Waafrika wengine wakiuzwa utumwani. Killmonger anayelishtaki taifa hilo ndiye adui wa filamu, lakini mfalme wake, T'Challa, baada ya kumshinda, anaikubali sehemu ya mashtaka. Ananunua majengo Oakland, anafungua kituo cha kusaidia jamii na kugawa kazi kwa watu wake wa karibu: Nakia anapewa huduma za jamii, Shuri anapewa sayansi. Kati ya dakika 134, kituo hicho kinapata chache tu za mwishoni. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na hakuna aliyekata tiketi ili amwone Nakia akipanga bajeti.