Udongo wa Bure

Ndugu msomaji, hebu nikuulize: kitu cha bure kinaweza kuibiwa?

Nauliza kwa sababu mimi nimeiba udongo. Ni udongo wa kahawia wa kichuguu, kule kwetu Sapiwi, Bariadi, ambao hata mbuzi wanaukanyaga bila kumwomba mtu ruhusa.

Aliyenionyesha ni shangazi. Kila mwaka mvua zikiisha huisiriba upya nyumba yake. Anautwanga udongo, anaukoroga kwenye ndoo ya maji, anasubiri mchanga uzame. Kisha anayamimina yale maji mazito kwenye chombo kingine na kuyaacha mpaka tope laini lituame chini. Ukiwa na haraka, rangi inakwaruza. Fungu jingine analikausha na kulichoma kwenye makaa, na ile kahawia ya kimanjano inageuka nyekundu. Wataalamu wanasema hiyo ni oksidi ya chuma iliyopoteza maji yake kwa moto, na kwamba kahawia iliyokolea huwa na manganizi ndani. Shangazi hana habari na majina hayo, ila anajua saa ya kuutoa motoni.

Mimi nilichoongeza ni utomvu wa mgunga tu, ili rangi ishike. Nikachora picha mjini, mteja akaipenda. "Rangi hii umeitoa wapi?" Nikajibu bila hata kupepesa macho: "Nimeibuni mwenyewe." Akalipa. Jina langu likabaki pale pembeni, peke yake.

Washikaji wananicheka. "Acha wewe! Udongo ni wa Mungu. Ukitaka kumtaja kila aliyekufundisha, utamtaja mpaka aliyekufundisha kushika kijiko." Hoja hiyo si ya kijinga. Kule Kolo, Kondoa, kuna michoro ya miambani, mingi yake myekundu kwa udongo wa jamii hii hii. Mingine inakadiriwa kuwa na maelfu ya miaka, na UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Waliochora hatumjui hata mmoja. Je, tuna kosa kwa kutowataja? Hapana. Usiyemjua utamtajaje?

Lakini mimi nilikuwa namjua. Na niliulizwa! Kujifunza kwa mtu si wizi, sote tumejifunza kwa watu. Wizi ulikuwa katika lile jibu. Udongo ni wa bure, sawa. Ile subira ya kungoja tope litulie nani aliitoa bure?

Tena kinachoniuma zaidi ni hiki. Nenda duka la vifaa vya uchoraji, utakuta tyubu ya kahawia yenye jina la Siena, mji wa Italia uliosifika kwa udongo wake. Jina hilo nalitamka kila siku bila kigugumizi. Sapiwi lilinishinda nini?

Nawe unayeandika hadithi aliyokusimulia bibi yako, usinicheke sana.

Nilirudi nikamweleza shangazi, nikampa nusu ya hela. Alizipokea. Kisha akauliza, "Haikupasuka ilipokauka?" Nikasema haikupasuka. "Basi uliuchuja vizuri, baba." Nikamwambia nitaandika jina lake. Akakataa katakata: "Jina langu la nini kwenye magazeti? Sema ni udongo wa Sapiwi, inatosha."

Kwake inatosha. Mimi bado namtafuta yule mteja.