Faradhi ya Mji Mzima

Kijana wa Newala aliyemaliza kidato cha sita na kupata alama njema za fizikia na hisabati, akanuia kusoma uhandisi wa umeme, huletewa majina ya vyuo kabla hajaulizwa elimu hiyo anaitafuta kwa ajili ya nani. Mjomba atamsifia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako uhandisi ulianza kufundishwa mwaka 1973. Jirani atamtajia Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, iliyotokana na chuo cha ufundi cha mwaka 1957. Na baba, ambaye korosho zake zingali ghalani zikingoja mnada, atanyamaza akipiga hesabu ya nauli.

Wako wamwambiao aswali istikhara, sala ya kumwomba Mungu uongozi, kisha alale angoje ndoto. Lakini rakaa mbili zile ni za mtu aliyekwisha azimia jambo, naye humwomba Mola amjaalie likiwa la kheri na amwepushe nalo likiwa la shari; ndoto haikuahidiwa. Basi hapana budi atangulize tadbiri: aulize kama chuoni mwanafunzi huifungua mota kwa mkono wake na kuupima mkondo mwenyewe, ama huviona ubaoni tu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya aliuhesabu utabibu na hisabu, hata ushonaji na kuumika, katika faradhi za kifaya, ambazo akizitimiza mmoja wote wamesalimika, na asipopatikana wa kuzitimiza dhambi ni ya wote; tena akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fikihi kwa tamaa ya ukadhi, hali miji yao haina tabibu Mwislamu. Lawama hiyo yamfika pia mwenye kuchagua chuo kwa fahari ya jina.

Umeme Ghazali hakuujua. Lakini Newala iko juu ya uwanda wa mchanga unaomeza mvua, na maji ya bomba hupandishwa kwa mashine kutoka mabondeni, hata pampu ikizimika wanawake hushuka genge na ndoo zao. Penye hali kama hiyo, ajuaye kuifufua pampu ana daraja ya tabibu, na kurudi kwake nyumbani baada ya masomo ni katika faradhi hiyo. Nao Wakristo wa Masasi, ambako misheni ya Kianglikana iitwayo UMCA ilianzishwa mwaka 1876, hawako mbali na hoja hii, maana mfano wa talanta katika Injili humlaumu aliyezika alichokabidhiwa.

Huenda mtu akasema kwamba maskini ana haki ya kutafuta ujira popote, wala halazimiki kurudi. Kweli, na ujira wa halali hauibatilishi nia njema. Ila maadamu faradhi ni ya wote, gharama nayo ni ya wote: mjomba, jirani na jamaa wa msikitini wana sehemu yao katika ada na nauli, na mji usiomchangia mwanawe hata daftari hauna hoja ya kumdai arudi.