Wakala Asiyeulizwa

Ukipita Mbagala au Tegeta utakuta kibanda cha wakala wa fedha za simu karibu kila kona. Wakala huyo ana jina, na akikosea hesabu unajua pa kumfuata. Sasa amezuka wakala wa namna nyingine: programu ya akili mnemba inayompima mtu, ikaamua akopeshwe au anyimwe, kisha ikamdai, pasipo binadamu kuitazama kazi yake. Ikidhulumu, nani atajibu mbele ya Mwenyezi Mungu?

Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa mtandao bila leseni. Sisemi kwamba zote ziliendeshwa na akili mnemba. Lakini kilio cha wakopaji kilijulikana: jamaa na marafiki wa mdaiwa walipelekewa ujumbe wa kumfedhehesha. Kesho mwenye programu aweza kusema: "Si mimi, ni mashine; hujifunza yenyewe, nami nilikuwa nimelala."

Utetezi huo una jibu katika Qurani Tukufu. Sura Al-Anbiyaa yataja shauri walilolihukumu Nabii Daudi na Nabii Suleimani, amani iwe juu yao: kondoo wa watu waliingia usiku katika shamba la wengine. Kondoo hujiendea apendako, na usiku mchungaji hulala. Hata hivyo wafasiri wasimulia kwamba waliotakiwa kufidia ni wenye kondoo. Hakuna aliyewashitaki kondoo. Basi mwenye kufungulia watu kitu asichoweza kukizuia ameongeza dhima yake, hakuipunguza.

Tena katika Sura Al-Ahzab twaelezwa kuwa amana ilidhihirishwa kwa mbingu, ardhi na milima, vikakataa kuichukua, akaichukua mwanadamu. Mashine, pamoja na werevu wake wote, i upande wa milima. Haioni haya, wala haitasimama Siku ya Kiyama.

Mwenye kuitafuta kweli atauliza: je, Islam yavikataza vyombo hivi? La, hasha! Wakala wa Mbagala naye hutumia chombo. Kinachokatazwa ni mwenye kondoo kujificha. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imempa mwananchi haki ya kutaka jambo linalomgusa sana lisiamuliwe na mashine peke yake. Mama ntilie wa Tandika aliyenyimwa mkopo na simu yake aweza kumdai binadamu alitazame upya shauri lake, na binadamu huyo hana budi awe na jina na mlango wa kubishiwa hodi.