Kihamba na Moyo

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini hawakutuambia nani alipe gharama ya kuziba, wala tufanyeje ikiwa ukuta wenyewe huenda usianguke kamwe.

Miaka michache iliyopita baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu wa Kibosho, alipatwa na shambulio la moyo akiwa kati ya migomba na mibuni yake. Tulimteremsha Moshi mjini, akatibiwa, akapona. Moyo wake, hata hivyo, ulibaki dhaifu. Daktari alitueleza kwa upole kuwa moyo wenye kovu namna ile unaweza siku moja kupoteza mwendo wake na kutetemeka ovyo, mwenye nao akafa palepale. Ipo betri ya moyo ya kukinga balaa hilo. Hukaa chini ya ngozi ya kifua, waya wake ukafika ndani ya moyo. Husikiliza kila pigo, na mtetemeko ukizuka huushtua moyo kwa umeme. Haiutii moyo nguvu. Ni mlinzi anayemngoja mwizi ambaye huenda asije.

Chombo hiki kilizaliwa na msiba. Daktari Michel Mirowski, mzaliwa wa Poland, alifiwa na mwalimu wake mwaka 1966 kwa maradhi ya mapigo ya moyo, naye akaapa kutafuta kinga. Mgonjwa wa kwanza aliwekewa betri hiyo mjini Baltimore, Marekani, tarehe 4 Februari 1980. Mwanzoni walipewa walioponea chupuchupu tu. Kisha mwaka 2002 ukatolewa utafiti juu ya watu 1,232 waliokuwa katika hali kama ya baba mdogo, ambao walikuwa bado hawajaanguka. Kwa wastani wa miezi 20, katika kila watu 100 wasio na betri walikufa kama 20. Kati ya wenye nayo, kama 14.

Hebu itazame hesabu hiyo, ndugu msomaji. Katika mia moja, sita waliokolewa. Themanini wangeishi hata bila betri, na kumi na wanne walikufa wakiwa nayo. Hakuna ajuaye mapema yumo katika kundi lipi.

Ukoo ulikaa kikao. Fedha hatukuwa nazo. Tulikuwa na kihamba. Na kwetu Uchagani kihamba si shamba tu. Ndimo walimozikwa wazee wetu, na isale iliyopandwa mpakani ni shahidi wa vizazi. Baba mdogo akatukata kauli: “Sitauza makaburi kwa ajili ya kifo ambacho hakijaja.” Tukamsifu sana. Tukasema huyo ndiye mzee.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumwamkia. Aliitikia marahaba, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza: “Mwanangu, ningesema ndiyo mngenionaje?”

Sikuwa na jibu. Swali lile ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi. Tulidhani tumeheshimu uamuzi wake, kumbe tulikuwa tumemfungulia mlango mmoja tu. Ipo hapana ya hiari, na ipo hapana ya haya. Kwa nje zinafanana kama mapacha. Mtu anaweza kuuona uhai wake kuwa mzigo kwa wanawe, akauacha, nasi tukampigia makofi kwa ushujaa wake. Naamini si haki kumsifu mtu kwa kukataa kabla hajajua kwa yakini kuwa hata kukubali kwake kungepokelewa.

Basi nilizungumza na ndugu zangu, nikachuma jani la isale kama afanyavyo mwenye kuomba radhi, tukamwendea. Tukamwambia: “Baba, kihamba kikipungua, huna deni kwetu.” Alilishika lile jani kwa muda mrefu. Akasema bado hataki. Lakini safari hii ilikuwa hapana yake mwenyewe.

Yu hai hadi leo, anakunywa dawa zake kila siku na kupalilia taratibu. Hilo halithibitishi kuwa alichagua vema, kama vile kufa kwake kusingethibitisha kuwa alikosea. Matokeo ya uamuzi hatukuwa na uwezo nayo. Uhuru wa kuuamua ulikuwa mikononi mwetu, nasi tulikaribia kumnyima.