Uenyeji wa Asiyekaribishwa

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, ambako ukoo mmoja aghalabu huwa na Waislamu na Wakristo, na watu huzikana, huozana na kupelekeana sahani za Idi na za Krismasi, Mkatoliki anayejiona mgeni katika Kanisa lake hapati msiba huo kwa majirani wa dini nyingine. Huupata kwa ndugu zake wa imani, na kwa hiyo unamlemea zaidi, maana hana wa kumshitakia. Huyu ni mwanamke aliyebatizwa utotoni, kisha wazazi wakamwoza awe mke wa pili, ambaye kila Jumapili hubaki peke yake katika benchi la nyuma wenzake wanapokwenda kukomunika. Au ni kijana aliyekaa na mwenzake miaka mingi, wakazaa na kulea, ilhali ndoa haijabarikiwa kwa kuwa mahari haijatimia. Au ni mkatekumeni aliyetoka katika nyumba ya Kiislamu, ambaye wa kwao wamwona amepotea, na wenzake wapya wampeleleza kana kwamba amefuata tamaa. Yupo na fukara ambaye mikorosho yake haikuzaa, akashindwa kulipa mchango wa ujenzi wa kigango, na sasa huzunguka njia ya mbali ili asikutane na mwenyekiti wa jumuiya. Hawa hawakufukuzwa na mtu. Lakini hakuna aliyewaambia karibu, na mioyoni mwao limeingia swali ambalo ni la falsafa kabla halijawa la dini: mtu huwa wa mahali kwa sababu gani?

Jibu jepesi ni kwamba mtu ni wa pale anapopendwa. Jibu hili lina sehemu ya ukweli, lakini likichukuliwa peke yake linauweka uenyeji wa mtu mikononi mwa watu wengine, ambao nyuso zao hukunjuka leo na kukunjamana kesho. Mimi naona kwamba msingi wa uenyeji ni haki, na kwamba mapenzi ni deni ambalo haki hiyo inawadai walio ndani. Mtu wa Ruangwa aliyeondoka ujanani kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, akarejea baada ya muda mrefu mikono mitupu, yamkini atapokewa kwa salamu fupi na macho makavu. Lakini mikorosho aliyoachiwa na wazee wake ni mikorosho yake, na ubaridi wa salamu haumwondolei hata mti mmoja.

Fundisho la Kanisa juu ya ubatizo limesimama upande huu wa haki, na lilitiwa nguvu katika bara hili hili la Afrika. Katika karne ya 4 na ya 5 Wakristo wa Afrika ya Kaskazini waligawanyika: wafuasi wa Donato walishika kwamba Kanisa ni la walio safi tu, na kwamba sakramenti iliyotolewa na mhudumu aliyeisaliti imani wakati wa mateso haina kitu ndani yake. Agustino, Askofu wa Hippo, aliwajibu kwa miaka mingi, na mwaka 411 maaskofu wa pande zote mbili walikutana Karthago kuhojiana. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba abatizaye kwa hakika ni Kristo, na kwamba mhudumu, awe mwema awe mwovu, hawezi kukiongeza wala kukipunguza kipaji kisichokuwa mali yake. (Agustino huyo huyo aliridhia nguvu za dola zitumike kuwarejesha waliojitenga, na hapo nami namwacha, kwa kuwa aliyerejeshwa kwa shuruti hajarejea.) Natija ya hoja ile ni kubwa kuliko inavyosemwa mimbarini. Ikiwa uovu wa askofu hauwezi kuutangua ubatizo wa mtu, masengenyo ya wanakwaya yatautanguaje, au jicho la mama anayekaa benchi la mbele? Hata mbatizwa mwenyewe, akiwa katika ghadhabu yake kali kabisa, hawezi kuifuta alama aliyotiwa.

Kisha tutazame habari za sehemu hizi, tuone ni nani awezaye kujiita mwenyeji akamwita mwenziwe mgeni. Wabenediktini walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895 na ya Nyangao mwaka 1896, wakiwa Wajerumani katika nchi iliyokwisha kutiwa chini ya Wajerumani wenzao, na hapana shaka kwamba wengi waliowaona wakijenga hawakuweza kuutenga msalaba na bendera. Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, kwa uchungu wa kodi, wa kazi za kulazimishwa na wa mashamba ya pamba, misheni zote mbili ziliharibiwa. Na Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa safarini kutoka Kilwa kwenda bara kwa njia ya Liwale, aliuawa mwezi wa Agosti pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Siyasemi haya kwa kuwalaumu waliopigania nchi yao, wala kwa kupunguza taadhima ya waliouawa. Nayasema kwa kuwa katika habari hii Kanisa lenyewe ndilo lililokuwa mgeni asiyekaribishwa, na Wakristo wachache wa nchi hii walijikuta kwa muda hawana jengo wala padri, katika zama ambazo majirani zao wengi waliuelekea Uislamu. Walikuwa na nini cha kuwaambia kwamba wao ni wa Kanisa? Hawakuwa na mtu wa kuwakaribisha. Walikuwa na ubatizo wao, na sala walizozihifadhi kwa moyo.

Misheni ya Ndanda, ya Wabenediktini hao hao, ilianzishwa mwaka 1906 na baadaye ikawa abasia. Jimbo la Nachingwea likaundwa mwaka 1963, askofu wake wa kwanza akiwa Arnold Cotey, Mmarekani wa shirika la Wasalvatori. Na mwaka 1986 makao ya askofu yakahamia pwani, jimbo likaitwa la Lindi. Na mji wa Nachingwea, je? Ulikuzwa na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufa upesi, hata reli ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili yake ikaja kung'olewa. Kisha wapigania uhuru wa Msumbiji, wanaume kwa wanawake wa FRELIMO, wakapewa kambi hapo. Katika nchi iliyopokea kaumu zote hizo, na katika Kanisa ambalo hata kiti cha askofu wake kimewahi kuhama, sioni mtu mwenye hoja ya kukalia mlango.

Pagumu ni kwenye sheria. Mke wa pili akiambiwa kwamba hapana kizuizi chochote baina yake na meza ya Bwana, atakuwa amedanganywa, na uongo wa huruma ni dharau, kwa kuwa humfanya mtu mzima kuwa mtoto. Lakini kukosa Komunio si kulikosa Kanisa. Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume wa mwaka 2016 uitwao Amoris Laetitia, aliwasemea waliotalikiana wakaoa tena kiserikali kwamba wasijione wametengwa, bali viungo hai. Na sioni sababu kwa nini mwanamke wa Ruangwa, ambaye pengine hakuulizwa siku ya kuozwa, ahesabiwe kwa kipimo kikali zaidi.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa jambo la kwanza la uchungaji wao, mwaka 1976, walitaka Kanisa lisogee hadi uani kwa mtu, naye ajulikane kwa jina na kwa shida zake. Ni uamuzi mwema, na nimeona mgonjwa akiuguzwa na jumuiya yake pale ndugu wa damu walipochoka. Lakini chombo cha kumjua mtu kimegeuzwa mahali pengi kuwa chombo cha kumhesabu: mahudhurio, kadi ya zaka, michango, na asiyetimiza hutishiwa kwamba siku ya kufa hatazikwa na padri. Kitisho hiki hakina asili katika sheria. Kanuni ya 1184 ya Sheria ya Kanisa, iliyotangazwa mwaka 1983, inawataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa ikiwa hawakuonyesha dalili ya toba kabla ya kufa: walioiasi imani, wazushi na waliofarakana na Kanisa, waliochagua kuchomwa maiti kwa kuipinga imani, na wakosefu wa wazi ambao maziko yao yangewakwaza waamini. Mdaiwa wa zaka hayumo. Na kanuni iliyoitangulia, ya 1183, inamweka mkatekumeni safu moja na waamini katika maziko, naye hata hajabatizwa. Sheria, basi, ina moyo mpana kuliko baadhi ya wanaojifanya walinzi wake.

Simone Weil, mwanafalsafa Mfaransa aliyefariki Uingereza mwaka 1943, alimpenda Kristo kwa dhati, naye alikaa miaka akikataa kubatizwa, kwa kutaka kubaki mlangoni pamoja na wote wasioingia. Namstahi sana. Lakini yeye alijichagulia kizingiti. Fukara wa Nachingwea amesukumwa hapo na aibu ya madeni, na ni dhuluma kuisifu hali yake kana kwamba ni ibada.

Wewe uliyeacha kuja, usingoje kwanza ujisikie mwenyeji. Nenda ofisi ya parokia ulikobatizwa, uombe kitabu cha ubatizo kifunguliwe; jina lako limo, na la wazazi wako, na la msimamizi wako, kwa wino. Jumapili uje Misa, ukae benchi ulitakalo. Nanyi makatekista na wenyeviti wa jumuiya, nendeni mkapige hodi kwake kabla ya wiki hii kwisha, na kadi za zaka mziache nyumbani.